Plagi Yako Ninayo Mimi

Kemunto mwanangu,

Acha kumshuku kaka yako. Plagi ya pikipiki ninayo mimi. Iko hapa dukani, juu ya karatasi hii ninayoandika, na doa hilo jeusi unaloliona pembeni ni lake. Niliitoa jana mlipokwenda kanisani mkaniacha nyumbani na kichwa kinachouma. Kichwa hakikuwa kikiuma.

Na usijisumbue kutafuta nyingine. Soko zima la Kebirigo plagi za aina hiyo nauza mimi peke yangu, na zile zilizokuwa kwenye rafu nimezitoa. Jana jioni kwenye sala baba yako alimwomba Mungu auguse moyo wa aliyeiba, nami nikaitikia amina kwa sauti kuliko nyinyi wote. Nadhani maombi yale yalisikika upesi mno, maana tangu hapo sijapata raha. Leo nimekutazama ukimpekua Mogaka mifuko, naye anaapa kwa kila kitu anachokijua, nikaona aibu. Nimefunga duka mapema, nimekaa kwenye kreti ya soda, na nimekasirika hadi kalamu inatoboa karatasi. Sijui nimkasirikie nani kwanza. Nianze na wewe, kwa kuwa kesho hutakuwepo.

Habari za sweta, za dawa ya malaria na za kanisa la kuhudhuria huko Kapsabet sitaziandika. Baba yako ameshazisema kwa ule mtindo wake wa ualimu, anauliza swali halafu analijibu mwenyewe. Wewe unakwenda kutibu na kupandisha ng'ombe wa watu. Chama cha wafugaji kimekuajiri, kikasema kila daktari aje na pikipiki yake. Haya. Wenzako wangetafuta pikipiki inayotembea. Wewe ulikwenda Ogembo ukarudi na mzoga umefungwa kamba nyuma ya pikapu, injini imekwama, kiki haishuki hata ukiisimamia kwa miguu miwili, halafu ukaniambia huku unacheka, "Mum, usijali, tutaifungua tu."

Tutaifungua! Wewe na nani?

Najua ulifikiri ni wewe na mimi. Watu wananiita Mama Spea, na jina hilo nimelipenda kupita kiasi. Mimi nilizaliwa kando ya ziwa, kwenye ardhi tambarare, nikaolewa huku kwenye vilima na mwalimu asiyejua kushika spana. Kijaluo kilimshinda, Ekegusii nacho kilinitesa, tukakutana kwenye Kiswahili tukawalea humo. Duka hili ndilo lililonifanya niwe mtu hapa. Mwendesha boda akiingia na pistoni iliyovunjika namtajia saizi kabla hajafungua mdomo. Lakini leo nakuambia jambo ambalo sijamwambia mteja yeyote. Miaka yote hiyo nimeuza ringi za pistoni bila kujua zinavyokaa ndani. Nilizijua kwa maboksi. Siku uliyoniuliza ipi inakaa juu na ipi inakaa chini, nikakufokea kwamba una maswali mengi, ulidhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Sikujua.

Ningesema tu "sijui", ungecheka kidogo tukaendelea na kazi. Badala yake ulikwenda kutafuta kwenye simu, ukazipanga mwenyewe, mianya yake ikitazama pande tofauti. Nilikuona. Nilikuwa nimesimama mlangoni najifanya nahesabu nati.

Halafu ile silinda. Iliporudi kutoka Kisii mjini imechongwa upya ili ipokee pistoni pana zaidi, uliiosha kwa maji moto na sabuni ya kufulia ndani ya sufuria yangu ya ugali. Sufuria ya ugali, Kemunto! Kisha ukachukua fulana nyeupe ya baba yako ukaipitisha ndani, ukaitazama, ukasema bado kuna unga wa chuma, ukaosha tena. Fundi Ombati, ambaye amefungua injini za soko hili lote, alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyu anaosha silinda ni kama mtoto amezaliwa," alisema. "Sisi tunapanguza na petroli, tunafunga, kazi kwisha."

Nami nikacheka naye. Lakini niliichungulia ile fulana. Mara ya kwanza ilitoka nyeusi, mara ya mwisho ilitoka nyeupe. Weusi ule wote, kama tungepangusa tu kwa petroli, ungebaki ndani ukisaga pistoni mpya. Niliona hivyo kwa macho yangu na nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeshacheka. Huo ndio ugonjwa wangu. Nikishacheka au nikishafoka, siwezi tena kurudi nyuma, hata nikiuona ukweli umekaa mbele yangu kwenye sufuria. Umerithi miguu yangu na sauti yangu. Huo ugonjwa tafadhali niachie mwenyewe.

Sasa tuje kwenye siku ya Jumamosi, maana hapo ndipo damu ilinipanda.

Hapa kwetu injini ikitoka kufunguliwa ina desturi yake na unaijua. Inawekwa barazani kwenye kivuli, inawashwa, inaachwa ingurume polepole kutwa nzima, watu wanakunywa chai kando yake kama wanaomlinda mgonjwa. Ikitoka hapo inaendeshwa na mtu mmoja, bila mzigo, pole pole kama imebeba mayai. Kwenye mteremko mwendeshaji anaizima kabisa, anashuka kimya kimya, eti injini inapumzika na petroli inabaki. Nimewafundisha wateja hayo kwa mdomo wangu huu. Wengine walirudi na ndizi za shukrani.

Wewe je? Uliiwasha, ukasubiri ipate joto kidogo tu, ukamwita baba yako. "Baba, panda nyuma, nataka uzito." Na yule mzee, mwalimu mkuu msaidizi mzima, akapanda! Na tumbo lake lile, na mkungu wa ndizi mapajani ambao hadi leo sijui aliutoa wapi. Mkaushika mlima wa kuelekea Kericho, umefungua mafuta, injini inanguruma mpaka mama wa viazi akaacha kupima. Nilitoka dukani na ufagio mkononi. Nilipiga kelele kwa Kijaluo, lugha ambayo siku hizi naiweka akiba kwa ajili ya misiba.

"Yawa! Wanaiua! Mchana kweupe!"

"Mama Spea," Ombati akaniambia, "hiyo injini haimalizi wiki moja. Haki ya nani."

Mkageuza huko juu mkaanza kuteremka, nikasema afadhali sasa ataizima. Hukuizima. Ulifunga mafuta ukaiacha kwenye gia, injini inawavuta nyuma, inalalamika mlima mzima. Mkafika chini, mkapanda tena. Na tena. Baba yako anapungia watu mkono kama mheshimiwa aliyeshinda kura.

Mliporudi nilikuuliza kama umerogwa. Ulikuwa umechuchumaa unamwaga oili ya kwanza kwenye beseni, na ile oili ilikuwa inametameta vumbi la chuma. Nikakuonyesha kidole, nikasema si unaona, umeshaimaliza. Hukuinua hata kichwa.

"Mum, hiyo ni kawaida, ni vyuma vinazoeana. Ringi hazikai kwa kubembelezwa. Ule moto ukiwaka ndani na nguvu ndio unazisukuma zibane kwa ukuta wa silinda. Ukiteremka na gia, oili inavutwa juu inaosha. Lakini ukiiweka hapo kwa kivuli inanguruma tu, ukuta unafanya kung'aa, ringi zinateleza juu juu, na oili inaanza kupita inachomeka."

"Huo ni ujinga wa kwenye simu," nikasema.

"Si ya simu peke yake. Niliona kwa ya Mogaka."

Ungenipiga kofi ningeumia kidogo kuliko hivyo.

Wewe ulikuwa mdogo wakati wa pikipiki ya Mogaka, kwa hiyo acha nikusimulie mimi mwenye makosa, kabla hujasimuliwa na Ombati kwa namna yake. Binamu wa baba yako alikuwa na kazi Tabaka. Alimwita Mogaka aende akae kwake, awe anabeba vinyago vya mawe kutoka kwa wachongaji kuvipeleka kwa wafanyabiashara wa Kisii mjini. Kazi ilikuwepo na chumba kilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa pikipiki tu, na tukampatia moja yenye injini iliyotoka kufunguliwa upya, spea zote zimetoka hapa hapa dukani, mpya kwenye boksi.

Nikasema itazoeshwa na mimi. Niliiweka barazani ikanguruma hadi majirani wakalalamika. Kesho yake nikairudisha barazani. Baadaye nikamruhusu Mogaka aende nayo hadi kanisani na kurudi, gia ya chini, na nikamwapisha asimbebe mtu. Akiniambia mama, sasa si inatosha, nasema bado kidogo. Binamu wa Tabaka anapiga simu, namjibu bado kidogo. Nilikuwa najiona mama mwenye busara kuliko akina mama wote wa Nyamira.

Alipokwenda Tabaka hatimaye, ilikuwa inatoa moshi wa buluu. Ukipakia mawe haipandi. Wachongaji hawakutaka vinyago vyao vinuke oili iliyoungua, na abiria wakiiona inakuja wanapunga mkono: "Hiyo ya moshi ipite." Kabla ya msimu wa mvua kwisha alikuwa amerudi nyumbani na begi lake.

Ombati alipoifungua alinionyesha ukuta wa silinda. Ulikuwa unang'aa. Ningeweza kujitazama humo nikajifunga kitambaa. Nikasema, si umeona ilivyo safi, basi kosa si letu. Nikamlaumu aliyetengeneza ringi, nikagombana na mtu aliyeniletea mzigo kutoka Nairobi, nikamlaumu Mogaka kwamba hajui kuendesha. Mtoto wangu alikubali. Alisema, "Pole mum, labda nilikosea gia." Silinda ile ndiyo inayozuia mlango wa duka usipigwe na upepo mpaka leo, na kila asubuhi naisukuma kwa mguu. Kumbe kung'aa kule ndiko kulikokuwa ugonjwa wenyewe, na mimi nikauita usafi.

Nikuambie na lililobaki, maana nimeshaanza. Mogaka aliporudi na begi lake nilisikitika mbele za watu, nikampikia kuku. Lakini moyoni nilifurahi, Kemunto. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema haikuwa saa yake. Sasa angalia. Ana ndevu. Ni mtu mwema, wateja wanampenda, hasemi uongo hata wa kumfaidisha. Lakini bado anaingia chumbani kuniuliza avae shati gani, na mteja akimwuliza bei ambayo anaijua vizuri kabisa, ananitazama mimi kwanza. Inanichosha! Namfokea kila siku kwa nini hajiamulii mambo, halafu akiamua namwambia bado kidogo. Watu wananiambia una bahati wewe, mwanao hajakutupa. Nacheka nao. Mimi ndiye ninayejua nilivyompata.

Sasa tufike kwenye plagi.

Nilipoitoa jana nilijiambia nakuokoa. Nilipanga nikuambie ukapande gari, pikipiki ibaki hapa niizoeshe mimi taratibu, halafu ukija Krismasi utaikuta tayari. Nilikuwa nimeshatafuta na maneno ya kukuambia. Lakini mimi ni Mama Spea, na plagi haiwezi kukaa mfukoni mwangu bila kutazamwa. Leo mchana, duka lilipokuwa tupu, nikavaa miwani nikaipeleka mlangoni penye mwanga. Plagi ya injini inayopitisha oili naijua. Inatoka nyeusi, imelowa, ukiigusa inateleza. Nimeletewa nyingi kama hizo, na ya Mogaka ilikuwa hivyo kila wiki.

Yako ni kavu. Masizi kidogo pembeni, lakini kwenye ncha ni rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Nikaisugua kwa kidole, kavu. Nikainusa, kavu. Nikamtuma Mogaka kwa shughuli ya uongo, nikaenda uani kupima oili kwenye pikipiki. Iko pale pale ulipoiacha Jumamosi. Haijapungua.

Unajua niliona nini moyoni? Hasira. Nilitaka iwe nyeusi. Nilisimama na plagi nzima, safi, ya injini iliyofungwa vizuri na mtoto wangu mwenyewe, na nikakasirika kwa sababu haikuharibika. Hapo ndipo nilipokaa kwenye hii kreti. Mtu anayetamani injini ya mwanawe ife si anayeilinda injini.

Kwa hiyo tusidanganyane tena habari za ringi. Naogopa. Naogopa malori ya chai, naogopa ukungu wa asubuhi, naogopa ng'ombe wa watu wakupige teke mahali ambapo hakuna anayejua jina la mama yako. Naogopa nyumba hii jioni ikiwa haina mtu wa kubishana nami, maana baba yako anakubali kila kitu na Mogaka ndiye huyo niliyekueleza. Wewe ndiye peke yako unayenijibu. Unaniudhi mpaka nasikia mishipa ya shingo, na sijui nitafanya nini na siku isiyo na kuudhiwa na wewe. Ndiyo hiyo. Nimeisema. Ilikuwa rahisi kuliko kuiba.

Plagi naiweka kwenye bahasha pamoja na barua hii. Utaifunga mwenyewe, mimi sitaigusa tena. Mogaka nimeshamwomba radhi, kabla sijafika mwisho wa ukurasa huu. Alisema, "Ni sawa mum, si uliitoa kwa uzuri." Nikamwambia hapana, sikuitoa kwa uzuri, nikasirikie kidogo. Akajaribu. Alikunja uso vizuri sana kisha akaniuliza kama imetosha.

Limebaki jambo moja. Ulisema injini hii bado inahitaji kupanda ikiwa na mzigo, ndipo ringi zikae sawasawa. Baba yako kesho ana mitihani ya kusimamia, na ndizi alizobeba Jumamosi tumeshazila. Basi nitapanda mimi.

Usicheke. Najua sijawahi kukaa kwenye pikipiki uliyoiendesha wewe, na kila uliponiita nilisema nina kazi. Sikuwa na kazi. Kesho nitajifunga leso kiunoni, nitakaa nyuma yako, nitakushika, na pengine nitakufinya. Nikipiga kelele usipunguze. Nikisema "bado kidogo", usinisikilize. Fungua mafuta upande kama ulivyopanda na baba yako, mpaka kule juu kabisa yanakoanza mashamba makubwa ya chai. Hapo simama uniteremshe. Boda za kurudi Kebirigo ni nyingi, na vijana wote wa hapo ni wadeni wa ushauri wangu mbaya, watanirudisha.

Hatutaagana kwa muda mrefu pale kando ya barabara, mimi sijui kuagana, nitaanza kukukemea. Ondoka tu. Baada ya hatua chache utasikia mlio umebadilika na pikipiki imekuwa nyepesi ghafla mikononi. Usisimame kuikagua. Hakuna kilicholegea. Ni mimi tu nimeshuka.

Mama yako,
Akoth